Miaka Iliyobaki Ndani ya Kamera

Nyumbani kwetu Kawangware kuna albamu tatu za picha. Ya kwanza ni ya wazazi wangu kabla hawajaoana, baba akiwa bado na nywele. Ya pili ni ya harusi, na nadhani kila aliyekula wali siku hiyo yumo. Ya tatu inaanza na mimi nikiwa nimefunikwa shali, inaendelea na dada yangu, kisha inakatika mwaka 2005, katikati ya ukurasa. Kurasa zinazofuata ni plastiki tupu. Picha zinarudi kwenye simu ya mathe, kuanzia 2013 hivi, na tangu hapo hazijawahi kupumzika: chai, mvua, paka, ugali, chai tena.

Kati ya 2005 na 2013 hatupo.

Nimewauliza wasee wa rika langu, wa Kangemi, wa Uthiru, hata mmoja aliyelelewa Lavington kwenye nyumba yenye bustani, na wengi wana shimo hilohilo, mwaka mmoja mbele au nyuma. Jibu la haraka ni kwamba doo hazikuwepo. Lakini kumbukumbu zangu zinakataa. Miaka hiyo ndiyo tuliyopigwa picha kwa fujo. Nakumbuka flashi ikinipofusha Krismasi. Nakumbuka "hebu tuone, hebu tuone", na vichwa sita vikigongana juu ya kioo kisichozidi kiberiti. Picha zilikuwepo. Tuliziona kwa macho yetu.

Mshukiwa wangu ni kitu ninachokipenda kupita kiasi: kamera ndogo ya dijitali, ile unayoielekeza tu na kubonyeza, inayoingia kwenye mfuko wa shati. Ninazo nne. Mbili zinafanya kazi, moja hufanya kazi ikijisikia, na ya nne naihifadhi kwa heshima ya marehemu. Nilianza kuzikusanya nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo iliposhinda nguvu. Nilikuwa na muda mwingi na pesa kidogo, na kamera hizi zilikuwa zinauzwa bei ya kuku na chipsi. Leo mambo yamegeuka. Vijana wamezirudia, utaziona Westlands Ijumaa usiku zikimulika nyuso, na wauzaji wa Luthuli Avenue ambao majuzi tu wangekupa moja kama nyongeza ukinunua chaja sasa wanazitoa kwenye kabati taratibu, kama dhahabu. "Hii ni ya kitambo, bosi." Kitambo chenyewe ni 2009.

Sasa, historia. Picha za mji huu zimeandikwa sana kwa upande wa kamera kubwa. William D. Young alipiga picha za ujenzi wa reli ya Uganda kabla Nairobi haijawa kitu zaidi ya mahema na tope. Priya Ramrakha, Mkenya aliyepiga picha za miaka ya uhuru, aliuawa Biafra mwaka 1968 akiwa kazini. Mohamed Amin aliuonyesha ulimwengu njaa ya Ethiopia mwaka 1984, akafa 1996 katika ndege iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na Comoro. Na ukitaka kuona Kenya ilivyochomeka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, utaanza na picha za Boniface Mwangi. Kazi kama hizo zina walinzi: mashirika, magazeti, familia zinazojua thamani ya sanduku lililo chini ya kitanda.

Lakini picha ya mtu wa kawaida, ile ya Jamhuri Dei na soda mkononi, ilitunzwa na nini? Na karatasi. Hakuna siri nyingine.

Fikiria filamu ilivyofanya kazi. Roli ilikuwa na picha 24 au 36. Hukuweza kuona chochote mpaka roli iishe, ipelekwe kusafishwa, uilipie, upewe bahasha. Ndani ya bahasha kulikuwa na picha zilizochapishwa, na pembeni vipande vya negativu ambavyo kila familia iliviweka bila kujua kwa nini. Kuona picha na kuihifadhi lilikuwa tendo moja. Hata mtu mzembe kabisa, hata yule wa kupoteza funguo kila wiki, alijikuta na kumbukumbu za maisha yake kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kujiona.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa wapigapicha wa tao. Uhuru Park ilifunguliwa mwaka 1969, KICC ikamalizika 1973 na ghorofa zake 28, na wapigapicha wakapata ofisi mbili zisizo na kodi. Ukitoka ushago, ushahidi kwamba umefika Nairobi ulikuwa picha yako na lile jumba nyuma. Nao walikuwa na ujuzi wao: anapiga goti, anarudi nyuma, karibu alale chini kabisa, ili wewe na jumba zima mtoshee. Angalia picha za wazee wetu mbele ya KICC. Wote wanaonekana warefu kama viongozi wa nchi. Ulilipa nusu, ukaandikiwa jina kwenye kijidaftari, ukarudi siku nyingine kuchukua picha yako. Ile isiyochukuliwa mpigapicha aliiweka kwenye albamu yake ya kuvutia wateja. Hata picha iliyokataliwa ilibaki duniani.

Mwaka 1975 mhandisi kijana wa Kodak, Steven Sasson, aliunda kamera ya dijitali ya kwanza ya kubebeka. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 4, picha yake ilikuwa ya pikseli 10,000 tu bila rangi, na ilichukua sekunde 23 kuiandika picha moja kwenye kanda ya kaseti. Mdudu huyo alihitaji miaka thelathini hivi kupungua mpaka atoshe mfukoni mwa konda wa 46.

Konda ninayemsema ni baba mdogo. Mwaka 2008 alinunua Sony Cyber-shot mkono wa pili, rangi ya fedha, na akaibeba kila mahali kama mtu aliyepewa mtoto alee. Kamera hizi zilikuwa zimefika mjini kwa njia zake: shangazi aliyerudi kutoka Uingereza, mfanyabiashara wa Dubai, madirisha ya Luthuli. Kulikuwa na Kodak EasyShare, Canon PowerShot, Nikon Coolpix, nyingine za majina ambayo hata kiwanda kimeshayasahau. Baba mdogo alitupiga sote. Alipiga matatu yake ikioshwa. Alipiga abiria waliolala mdomo wazi kuanzia Valley Road hadi Kawangware, kisha akawaonyesha wakiamka. Naye alipigwa, maana ukiwa na kamera watu wanakurudishia.

Alifariki mwaka 2013. Tulipoketi kutayarisha programu ya mazishi, ilihitajika picha moja tu ya kuweka mbele. Kamera ilikuwa imeibwa muda kabla ya hapo, na kadi ndani yake. Hakukuwa na hata moja iliyochapishwa. Jamaa mmoja alikuwa na CD iliyoandikwa "Xmas" kwa kalamu nyekundu. Ikazunguka kwenye kompyuta ya cyber, ikalia kama panya, haikufunguka. Mwishowe tulichukua kitambulisho chake, tukakipeleka studio ya mtaani, wakakiskani na kuukuza uso. Picha ya kitambulisho cha siku zile ilikuwa ya kijivu, na mtu amekaa kama anayesubiri hukumu. Ndiyo iliyosafiri nasi mpaka Vihiga. Waombolezaji waliokuwa hawamfahamu waliondoka na uso wa mtu mkali, na alikuwa mtu wa kucheka mpaka abiria wasahau chenji.

Kwa hivyo ninapouliza picha zilienda wapi, siulizi kwa udadisi wa mkusanyaji peke yake.

Kuna mzee mmoja anayepiga picha karibu na Archives, ameanza kazi enzi za filamu, na amenikubalia niandike aliyoniambia mradi nisimtaje jina. Nilimuuliza kama kamera ya dijitali ilimletea faida. Alicheka. Mwanzoni, akasema, ilikuwa raha: hakuna roli ya kununua, hakuna kuharibikiwa. Kisha wateja wakajifunza kuomba kuona. "Futa hiyo, nimefumba macho." Unafuta. "Piga tena." Unapiga. Anaangalia, anacheka na wenzake, anasema atarudi. "Kijana," akaniambia, "mtu akishajiona kwa kioo ameshashiba." Kadi zilikuwa ndogo na za bei, kwa hivyo kila jioni alifuta picha za waliokosa kurudi ili kesho apate nafasi. Hebu fikiria mjengo mzima wa watu, jioni baada ya jioni, wakifutwa na mtu anayesubiri matatu.

Hapo ndipo naona kosa la kifaa chenyewe. Kioo cha nyuma kilitenganisha mambo mawili ambayo filamu ilikuwa imeyafunga pamoja. Sasa ungeweza kuona bila kuhifadhi. Na kuhifadhi kukawa kazi, tena kazi ngumu kwa nyumba isiyo na kompyuta, na nyumba nyingi za mtaa wetu hazikuwa nayo.

Ugumu wenyewe ulikuwa wa kipuuzi. Sony ilikuwa na kadi yake, Memory Stick, isiyoingia kwenye kamera ya Canon. Olympus na Fujifilm walikuwa na yao, xD. Waya wa kuunganisha kamera na kompyuta ulikuwa na kichwa cha ajabu, kila kampuni na chake, na ukipotea basi. Unaingia cyber, unamuuliza kijana wa pale kama ana kisoma kadi, anakuonyesha kimoja ambacho hakina tundu la kadi yako. Kutuma kwa barua pepe? Kabla ya 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kufikia intaneti. Kebo ya SEACOM ilianza kufanya kazi Mombasa Julai mwaka huo, na TEAMS ikafuata. Kabla ya hapo, picha moja ya megabaiti tatu kwenye kompyuta iliyogawana laini na wengine kumi, huku shilingi zikihesabiwa kwa dakika, ilikuwa starehe ya matajiri. Tukachomewa CD. CD zikakwaruzika, zikakaa juu ya friji zikapigwa jua, na leo hata laptopu za kuzisomea zimekuwa adimu.

Waliobahatika walipandisha Facebook. Mimi mwenyewe nimewahi kukaa usiku mzima kwenye akaunti za binamu zangu nikiokota. Lakini Facebook ya wakati huo ilikuwa inabana picha mpaka upana wa pikseli 604. Piga hesabu: kamera ya pikseli 3,072 kwa 2,304 inakupa zaidi ya milioni 7. Ikishabanwa kuwa 604 kwa 453, zinabaki kama 273,000. Katika kila nukta 26 zimetupwa 25. Ukijaribu kuikuza picha hiyo kwa programu ya mazishi, mtu anageuka ukuta wa matofali.

Na tukiwa bado tunahangaika na waya, simu ikaja ikamaliza mchezo. Juni 2009 serikali iliondoa ushuru wa VAT wa asilimia 16 kwa simu za mkononi. Mwanzoni mwa 2011 Safaricom ikaanza kuuza Huawei Ideos, simu ya Android, kwa shilingi kama 8,000. Kamera yake ilikuwa mbovu, tuseme ukweli. Lakini simu ilikuwa na laini, na picha ilijua njia ya kutoka. Duniani kote hadithi ni moja: kwa hesabu za CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani, mwaka 2010 kamera za dijitali zilizosafirishwa zilizidi milioni 120, nyingi mno zikiwa hizi ndogo, mwaka 2023, ukijumlisha na kubwa zote, hazikufika milioni 8. Kodak, iliyokuwa na mashine ya Sasson mikononi tangu 1975, ilikimbilia ulinzi wa mahakama ya ufilisi Januari 2012. Google Photos ilipoanza 2015, simu ikawa inahifadhi picha hata kama mwenyewe amelala. Uzembe wa binadamu ukapata tena mlezi, kama enzi za bahasha.

Katikati ndipo tulipoanguka.

Niruhusu nitoke njiani kidogo, maana wapenzi wenzangu wa kamera hizi watanidai. Wanaapa kwamba uzuri wa picha zake unatokana na senza ya CCD, ile iliyobuniwa na Willard Boyle na George Smith katika maabara za Bell mwaka 1969, wakapewa Nobeli 2009. Mimi nasema nusu ya uzuri huo ni flashi iliyobandikwa karibu na lenzi, na nusu iliyobaki ni kwamba tulikuwa wadogo. Tena uzuri huo haukugawiwa sawa. Kodak kwa miongo mingi ilitumia maabara kadi ya mwanamke mzungu, wakaziita kadi za Shirley, ili mafundi walinganishe rangi ya ngozi. Weusi tulikuwa jambo la baadaye. Kamera ya mfukoni haikuwa na Shirley, lakini ilikuwa na tabia ya kuangalia shati jeupe na kusahau uso. Mchana wa jua kali Uhuru Park ulitoka meno na kola. Wapigapicha wa pale walijua dawa kabla ya wahandisi: wanakusogeza chini ya mti. Ukiona picha nzuri ya miaka ile, tazama juu, kuna matawi.

Na kuna faida moja ambayo bado naipenda. Toa kamera kubwa katikati ya tao uone kama dakika tano zitapita kabla mtu mwenye sare, au asiye na sare, hajakuuliza kibali. Kamera ya mfukoni haimtishi mtu. Wanakuona kama msee wa kuchekesha.

Sasa nifike kwenye ile inayoninyima usingizi. Mwaka jana nilinunua Sony DSC-W55 pale Luthuli, modeli ya 2007, pikseli milioni 7.2. Tulianza elfu sita tukamalizia 3,500, bila chaja, bila kadi. "Ex-UK hiyo, brathe, haijatumiwa na mtu wa hapa." Betri nilikuwa nayo nyumbani. Nikaiwasha, nikabonyeza kitufe cha kutazama, nikitarajia kuambiwa hakuna kitu. Ikanionyesha mwanamke amesimama Uhuru Park.

Hii modeli ina kumbukumbu yake ya ndani, kama megabaiti 56, ambayo huingia kazini kadi isipokuwepo. Wauzaji huchomoa kadi kwa sababu kadi ni pesa. Kumbukumbu ya ndani hakuna anayeikumbuka. Mlikuwa na picha 17, yaani imejaa pomoni. Ex-UK ambayo haijawahi kupita Westlands, manze.

Kamera yenyewe inadai zote zilipigwa usiku wa 1 Januari 2007. Huo ni uongo wa kawaida: betri ikiisha kabisa saa hurudi mwanzo, na mtu mwenye haraka haiseti. Basi nikafanya alichokuwa akitufundisha mhadhiri mmoja wa historia kabla sijaondoka, kwamba ukiona tarehe kwenye hati, ihoji kama polisi. Nikaanza na vitu vilivyosimama nyuma ya watu.

Picha ya tatu: mwanamke yuleyule na watoto wawili mbele ya Archives, upande wa Moi Avenue. Sanamu ya Tom Mboya haipo. Ilizinduliwa Oktoba 2011, karibu na alipouawa mwaka 1969. Kwa hivyo ni kabla ya hapo. Picha ya kwanza, Uhuru Park, kamera inaangalia juu Upper Hill, na jumba la UAP Old Mutual lenye ghorofa 33 halipo; hilo halinisaidii sana, lilifunguliwa 2016, lakini linanipa amani. Mtoto mmoja ameshika mfuko wa plastiki wa Nakumatt. Nakumatt imekufa, na mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, kwa hivyo picha nzima inanuka wakati mwingine. Picha ya tisa imepigwa kupitia dirisha la matatu kwenye Waiyaki Way, na juu ni mbingu tupu. Sisi wa upande wa magharibi tumesahau kwamba barabara ile ilikuwa na mbingu. Expressway ilifunguliwa 2022.

Picha ya kumi na moja ndiyo ya thamani. Mwanaume amekaa kwenye kigoda akimenya viazi, amevaa fulana ya kijani ya kura ya maoni ya katiba. Kijani kilikuwa rangi ya waliosema ndiyo, nyekundu ya waliosema la, na kura ilipigwa 4 Agosti 2010. Sasa, fulana ya kampeni Kenya huvaliwa mpaka iwe tambara la kupigia deki, kwa hivyo haiwezi kunipa mwisho, lakini inanipa mwanzo: picha hiyo haiwezi kuwa kabla ya katikati ya 2010. Na kwa kuwa kamera huzipanga picha kwa namba, na hiyo ya Archives ina namba ya chini kuliko hiyo ya viazi lakini watoto wana urefu uleule na mmoja ana pengo lilelile la jino la mbele, naziweka zote pamoja. Kati ya katikati ya 2010 na Oktoba 2011. Familia moja, miezi michache, ndani kabisa ya shimo langu.

Sitakuonyesha nyuso zao. Si zangu. Wale watoto leo ni wakubwa, huenda mmoja wao anasoma hapa. Lakini nimezichapisha zote 17, kwenye karatasi ya kweli, studio ile ile ya mtaani iliyotukuzia kitambulisho, na nimeziweka kwenye bahasha isiyo na jina. Dada yangu anasema naingilia maisha ya watu. Baba anasema ningezifuta, kamera ipumue. Mathe alizitazama moja moja, kimya, kisha akauliza kama mwanamke yule anajua kwamba yuko kwetu.

Picha 14 nimeshajua zilipopigwa, angalau barabara. Zimebaki tatu, na zote zinaonyesha uwanja mmoja. Kuna lango la bluu, ua wa kayaba uliokatwa vibaya upande mmoja, tangi la maji jeusi juu ya mnara wa mbao, na mteremko wa udongo mwekundu unaoelekea kushoto. Ng'ambo ya njia kuna duka lililopakwa rangi za Zain, jina lililochukua nafasi ya Celtel mwaka 2008 na kuwa Airtel Novemba 2010, ingawa rangi ya ukuta huchelewa kuliko kampuni. Juu ya mlango wa duka zinasomeka herufi mbili, "…RU", kisha ukingo wa picha. Nimeshatembea Kangemi yote na sehemu kubwa ya Uthiru nikiwa na picha mkononi, nikiuliza wenye maduka. Mama mmoja wa mboga alisema huo mteremko anaujua, ni upande wa Ndumbuini, ila kayaba ilishang'olewa na pakajengwa fleti. Jumamosi naenda kuona kama tangi lipo.